Ufufuo, Kuzaliwa Tena na Hisabu ya Wafu: Uhakiki wa Jina la Babu Alipofufuka

Utangulizi

Riwaya ya Said Ahmed Mohamed, Babu Alipofufuka, iliyochapishwa Nairobi mwaka 2001, ina jina ambalo kila msomaji wa Kiswahili hudhani amelielewa kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza. Babu alikufa, babu amefufuka. Lakini aisomaye riwaya yenyewe huona mara moja kwamba kufufuka huku hakufanani na kule kunakohubiriwa misikitini na makanisani. Hakuwahusu watu wote, hakutokei siku ya mwisho, wala dunia haijakoma. Mfu mmoja anamjia mjukuu wake mmoja, K, mtu mwenye cheo kikubwa na maisha ya anasa. Anamtoa katika starehe zake na kumwongoza aione hali ya nchi ambayo yeye na wenziwe wameiharibu. Je, huko ni kufufuka? Na kama si kufufuka, ni nini?

Swali hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Katika uhakiki wa fasihi, katika tafsiri na hata katika mihadhara ya vyuo, mambo matatu huchanganywa na kufanywa jambo moja: ufufuo wa wafu unaoaminiwa na Waislamu na Wakristo, kuzaliwa tena kwa nafsi katika mwili mwingine kunakoaminiwa na Wahindu, na kurejea kwa wazee waliokufa kunakojulikana katika jadi nyingi za Kiafrika. Mwanafunzi akiambiwa kwamba haya yote ni ufufuo, au kwamba jadi za Kiafrika ni aina ya imani ya Kihindi, amepotoshwa kuhusu dini tatu kwa mara moja. Zaidi ya hayo, hataweza kuisoma riwaya inayohusika, kwa kuwa kila mojawapo ya imani hizi ina jibu lake kwa swali ambalo riwaya inauliza: nani atatoa hisabu ya uovu uliotendwa, kwa nani, na lini?

Makala haya yanadhamiria kuzitenganisha imani hizo kwa njia ya lugha kwanza, na kisha kuonyesha kwamba kurudi kwa Babu si ufufuo wala si kuzaliwa tena. Ni jambo la tatu, ambalo limeazima neno la ufufuo kwa sababu maalumu.

Fufua, fufuka na kiyama

Kitenzi fufua kina umbo linalojulikana katika sarufi ya Kiswahili. Kama vile fungua hutendua kufunga, na zibua hutendua kuziba, ndivyo fufua hutendua ufu, yaani ile hali ambayo kwayo mtu huitwa mfu. Maana hii imo katika matumizi ya kila siku pia. Kiwanda kilichofungwa hufufuliwa, kesi iliyosahauliwa hufufuliwa, na urafiki uliopoa hufufuliwa. Katika mifano yote hii, kinachofufuliwa ni kile kile kilichokufa. Kiwanda kipya kikijengwa mahali pengine kwa jina la kile cha zamani, hakuna asemaye kwamba cha zamani kimefufuliwa. Basi lugha yenyewe, kabla ya teolojia yoyote, imekwisha kuweka sharti la kwanza la ufufuo: utambulisho haubadiliki.

Sharti la pili limo katika tofauti ya fufua na fufuka. Fufua ni kitenzi elekezi, kinadai mtenda. Anayefufuliwa hufufuliwa na mwingine, na katika imani za Kiislamu na Kikristo huyo mwingine ni Mungu peke yake. Fufuka, kwa upande wake, humnyamazia mtenda. Hakisemi kwamba hayupo, ila hakimtaji. Nomino zilizotokana na vitenzi hivi zimegawanyika vivyo hivyo, na si ajabu kwamba Wakristo wa Kiprotestanti wamezoea zaidi ufufuo, ilhali Wakatoliki wamezoea ufufuko. Mwandishi aliyechagua kusema alipofufuka, wala si alipofufuliwa, amemwacha mtenda nje ya jina la kitabu. Jambo hili litarejelewa hapa chini.

Neno la pili ni kiyama, lililotoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kusimama. Mzizi huo huo umekipa Kiswahili kaimu, ambaye husimama mahali pa mwingine, na makamu, na kukimu sala. Kiyama basi ni kusimama: wafu watainuka na kusimama mbele ya Hakimu. Fufua husema juu ya uhai unaorudi. Kiyama husema juu ya kesi inayosikilizwa. Mswahili hutumia maneno haya mawili karibu kwa pamoja, na kwa hiyo katika sikio lake ufufuo hauji bila hukumu. Ni nadra kwa msikilizaji aliyelelewa pwani kulisikia neno fufuka likitajwa juu ya mtu bila ya kuikumbuka hisabu.

Imani hii huonekana hata katika namna ya kuzika. Maiti wa Kiislamu huoshwa, huvikwa sanda, hulazwa kwa ubavu wa kulia katika mwanandani, na kuelekezwa kibla. Mwili haukutupwa; umewekwa. Kati ya siku hiyo na Kiyama kuna barazakhi, ambayo maana yake ni kizuizi. Aliyeko huko hawezi kurudi huku.

Kuzaliwa tena

Imani ya kuzaliwa tena ina mantiki nyingine kabisa. Katika mafundisho ya Kihindi, nafsi haifi wala haizaliwi. Kinachokufa ni mwili tu. Bhagavad Gita, katika sura yake ya pili, huifananisha nafsi na mtu avuaye nguo zilizochakaa na kuvaa mpya. Maisha atakayoyapata mtu baadaye hufuata karma, yaani matendo yake na matunda ya matendo hayo. Lengo la mwisho si kuupata tena mwili bali ni moksha, kufunguliwa kutoka katika mzunguko huo wa kuzaliwa na kufa. Wafuasi wa Buddha nao hukubali mzunguko na matunda ya matendo, lakini hukana kwamba ipo nafsi ya kudumu inayohama. Kwao kinachoendelea ni mfululizo wa sababu na matokeo, kama mwali uwashao mwali.

Hapa pana tofauti tatu zisizoweza kupatanishwa na ufufuo. Kwanza, mwili: kwa mwenye kuamini ufufuo, mwili ni sehemu ya mtu na utarudishwa, kwa Mhindu, mwili ni vazi, na ndiyo maana jamii za Kihindi za Nairobi na Mombasa huchoma maiti wao kwa heshima kubwa, jambo ambalo majirani wao Waislamu hawawezi kulifanya. Pili, wakati: ufufuo una siku moja mwishoni mwa njia iliyonyooka, kuzaliwa tena hufuata duara. Tatu, hukumu: katika ufufuo yuko Hakimu anayesikiliza na anayeweza kusamehe, katika karma matendo hujilipa yenyewe, kama mbegu inavyotoa mti wake. Mwovu wa imani ya kwanza ataitwa kwa jina lake. Mwovu wa imani ya pili atalipa, lakini kwa kawaida yule atakayelipa hatakumbuka kosa.

Kiswahili kimepata taabu kuipa imani hii jina. Wanazuoni wa Kiislamu wana neno la Kiarabu, tanasukhi, lakini halikuenea nje ya darasa zao, na tangu mwanzo limekuwa jina la itikadi inayokanushwa. Wengine husema kuzaliwa mara ya pili, wakasahau kwamba maneno hayo yamekwisha kushikwa na Wakristo kwa maana ya kuokoka, kutokana na mazungumzo ya Yesu na Nikodemo katika Injili ya Yohana. Wengine, kwa uvivu wa kutafuta neno, huandika ufufuo. Katika makala haya limetumiwa kuzaliwa tena, si kwa sababu ni kamilifu bali kwa sababu halidai mwili ule ule wala halitaji wokovu.

Jina la babu

Imebaki imani ya tatu, na ndiyo iliyoeleweka vibaya zaidi. Imekuwa desturi kusema kwamba Waafrika huamini kuzaliwa tena, kwa kuwa mtoto hupewa jina la babu au la bibi aliyetangulia. Ushahidi wa jamii zenyewe hauruhusu kauli hiyo. Kwa Wagikuyu, mtoto wa kiume wa kwanza hupewa jina la baba wa baba yake, na wa pili jina la baba wa mama yake. Jina hili hutolewa hata kama babu yu hai na amekaa uani akiota jua. Isitoshe, wana watano wa mzee mmoja watampa kila mmoja kifungua mimba wake jina hilo hilo. Nafsi moja haiwezi kuhamia katika watoto watano huku mwenyewe angali anakunywa uji wake. Kinachopokezanwa hapa ni nafasi katika ukoo, pamoja na heshima na wajibu wa nafasi hiyo.

Kwa Wajaluo hali ni tofauti kidogo, maana jina huweza kutoka kwa mfu anayelidai. Mtoto akilia pasipo kunyamaza, hutajwa majina ya waliokufa mpaka anyamaze kwa mojawapo. Hata hivyo, mfu huyo haachi kuwa mfu. Huendelea kutajwa, kuogopwa na kuheshimiwa kama yeye mwenyewe. Mtoto amebeba jina lake. Hakugeuka kuwa yeye.

John Mbiti, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alilitambua tatizo hili na akasema kwamba kuzaliwa tena kunakotajwa ni kwa sehemu tu: baadhi ya sifa za mfu ndizo zinazoonekana kwa mtoto. Sahihisho hilo ni la maana, lakini linaliacha jina lenyewe palepale, na jina lina nguvu ya kuvuta maana. Mchango wake mkubwa zaidi upo kwingine. Aliyachukua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, akayafanya istilahi. Mfu ambaye bado wapo wamkumbukao kwa jina angali yumo katika Sasa. Ni mfu aliye hai. Wakiisha kufa wote waliomjua, huzama katika Zamani na kuwa mmojawapo wa mizimu isiyo na majina. Okot p'Bitek, mwaka 1970, aliwashutumu wataalamu wa dini za Kiafrika, Mbiti akiwa miongoni mwao, kwa kuivika miungu ya Kiafrika mavazi ya Kiyunani. Onyo lake linafaa hapa pia: kuzivika jadi za Wagikuyu na Wajaluo vazi la Kihindi si kuzieleza, ni kuzificha.

Kurudi kulikokatazwa

Sasa inawezekana kurudi kwenye riwaya. Babu hakuzaliwa tena. Hakuna mtoto aliyebeba nafsi yake, na K si yeye. Wala hakufufuliwa kwa maana ya Kiyama. Kwa mujibu wa Mbiti angeitwa mfu aliye hai, mkazi wa Sasa, mwenye haki ya kumgombeza mjukuu. Maelezo hayo ni kweli, lakini hayatoshi, kwa kuwa riwaya imetungwa na mwandishi aliyezaliwa Pemba, mahali ambapo kila mtoto wa chuoni hufundishwa kwamba wafu hawarudi.

Jambo hili limesemwa waziwazi katika vitabu viwili vitakatifu. Katika Sura ya 23 ya Kurani, mwovu aliyefikwa na mauti huomba arudishwe duniani ili atende mema aliyoyaacha. Ombi lake hukataliwa, na mbele yao huwekwa barazakhi mpaka siku ya kufufuliwa. Katika Injili ya Luka, sura ya 16, tajiri aliye motoni humwomba Ibrahimu amtume Lazaro maskini awaonye ndugu zake watano. Naye hujibiwa kwamba wanao Musa na manabii, na kama hao hawakuwasikia, hata mtu akifufuka katika wafu hawatashawishika.

Riwaya ya Said Ahmed Mohamed inalitimiza lile hasa ambalo vitabu hivyo vimelikataa. Ndugu wa tajiri hawakupata wa kuwaonya, K amempata. Hii ndiyo sababu ya mwandishi kuchagua fufuka badala ya zuka. Angeandika kwamba babu alizuka, msomaji angemwona mzuka, kitu cha kutisha usiku na kusahauliwa mchana. Kwa kuandika alipofufuka ameliazima zito lote la Kiyama, yaani kusimama, kuulizwa na kutoa hisabu, na akalileta upande huu wa kaburi. Na kwa kuchagua fufuka badala ya fufuliwa amemnyamazia Mtenda. Hisabu imebaki, lakini haikuahirishwa wala haikuachiwa mbingu. Kwa watu ambao mali yao imeporwa na wenye vyeo, ahadi kwamba mporaji atahukumiwa siku ya mwisho ni faraja. Lakini ni faraja ambayo mporaji naye huifurahia, maana inampa muda. Riwaya inamnyang'anya muda huo.

Ndiyo maana kuisoma kama hadithi ya kuzaliwa tena ni kuiua. Kama Babu angekuwa ndani ya K, aliyeshtakiwa na mshtaki wangekuwa mmoja, na deni lingeweza kusukumwa kwenye maisha mengine yasiyo na kumbukumbu. Riwaya inahitaji watu wawili: mmoja anayekumbuka na mmoja aliyechagua kusahau.

Nani anahukumiwa?

Pamoja na hayo, riwaya ina pengo, na linaonekana vizuri inapolinganishwa na kazi mbili zilizoitangulia. Katika Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, mshairi anauonya moyo wake mwenyewe. Anauonyesha majumba ya Pate yaliyobomoka na mabwana waliolala sasa katika dhiki ya kaburi, kisha anauogofya kwa Kiyama na kwa majina ya tabaka za Jahanamu. Mwenye kuonya yumo miongoni mwa waonywao. Hakuna kidole kinachomwelekea mwingine kabla ya kumwelekea yeye.

Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, hadithi haikomi kwa kifo cha Rosa. Inamfuata mpaka mbele ya Mungu, na huko hayuko peke yake. Yuko pia Zakaria, baba yake, mlevi aliyemlea kwa fimbo. Mzazi na mtoto wote wawili ni washtakiwa, kila mmoja na hoja yake. Kezilahabi ametumia umbo la hukumu ya Kikristo kuuliza swali ambalo kijiji hakikuthubutu kuliuliza: mtoto akipotea, je, mzee aliyempoteza hana kesi?

Katika Babu Alipofufuka, mshtaki ni mzee na mshtakiwa ni mjukuu. Babu anakuja na mamlaka ya wakati uliopita, na mamlaka hayo hayakaguliwi kwa ukali ule unaoelekezwa kwa K. Kiyama hakina upendeleo wa namna hiyo. Kila nafsi itasimama, ya babu na ya mjukuu. Mwandishi alipouleta ufufuo duniani, aliuchukua ukali wake kwa vijana na kuuacha usawa wake juu ya wazee. Badala ya usawa huo imeingia adabu ya ukoo, ambayo kwayo aliyetangulia ndiye mwenye haki ya kusema. Lakini kizazi cha K hakikujizaa wenyewe. Walilelewa na mtu, walisomeshwa na mtu, na nchi walikabidhiwa na mtu. Swali la Zakaria halikupata nafasi katika kesi ya K.

Huenda ikajibiwa kwamba riwaya ya kejeli haina budi kumchagua adui wake, na kwamba msomaji wa mwaka 2001 aliwajua akina K zaidi ya alivyowajua akina Babu. Jibu hilo lina nguvu. Hata hivyo, neno lililowekwa juu ya jalada lina madai yake lenyewe. Mwandishi anayeliita tukio kufufuka amewaita wote mahakamani, na hawezi kuwaruhusu baadhi yao kuketi.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba ufufuo humrudisha mtu yule yule mbele ya Hakimu, kwamba kuzaliwa tena huiendeleza nafsi katika mwili mwingine chini ya sheria ya matendo, na kwamba jadi ya jina huendeleza nafasi ya mtu katika ukoo huku mwenyewe akibaki alipo. Haya ni majibu matatu yanayopingana juu ya hatima ya binadamu, na waumini wake huishi, huoa na huzika kwa kufuata tofauti hizo. Mtunga kamusi na mwalimu wa fasihi wana wajibu wa kuyapa majina matatu.

Babu Alipofufuka haiwi riwaya ndogo kwa kutoingia katika lolote kati ya hayo. Imesimama mahali ambapo barazakhi imetobolewa, ikajaribu kuona kama aliye hai atamsikia mfu. Injili ya Luka ilikwisha kusema kwamba hatamsikia. Ni ushahidi wa ujasiri wa mwandishi kwamba alimtuma Babu hata hivyo.